Mshale wa Mlimani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeanza rasmi kazi katika kitengo cha mawasiliano ya kompyuta cha hospitali kuu, kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Nimeazimia kuandika shajara hii kwa lugha sanifu na bila kujipendelea, ili siku nitakapokuwa kiongozi wa wengine niweze kurejea na kuona nilikoanzia.

Kitengo kina watu watatu. Wa kwanza ni Meneja, ambaye hafungui tai hata joto likizidi, na ambaye ameniita "Mhandisi" tangu tulipopeana mkono. Wa pili ni fundi mkongwe anayeitwa Mzee Kamusi, kwa kuwa anajua kwa ghibu kila neno linalotolewa na vifaa vyetu. Wa tatu ni mimi. Mlangoni hukaa mpokezi wa jengo, mama mmoja ambaye wote humwita Redio. Nusu saa ilinitosha kuelewa sababu.

"Wewe ndiye msomi mpya?" aliniuliza. "Karibu. Yule mzee wa ndani haumi, ila usimguse kalamu yake ya risasi."

Jumanne, 4 Machi
Nimemfuata Mzee Kamusi asubuhi nzima ili kujifunza taratibu. Tunahudumia vifaa kumi na tisa vinavyounganisha hospitali hii na vituo vidogo vya afya, kimoja kikiwa mlimani, kwa nyaya za kioo, ambazo hupitisha mwanga badala ya umeme. Kila asubuhi mzee hukiandikia kila kifaa amri ileile. Kifaa humwaga majibu ya mistari sitini hivi, naye huteremsha kidole kwenye skrini hadi kwenye mstari mmoja tu: nguvu ya mwanga unaofika.

Nguvu hiyo huandikwa kwa namba hasi. Kutoa nane ni afya njema. Kutoa ishirini ni mgonjwa. Ukipita kutoa ishirini na nne, mwanga haupo tena na kituo kimekatika. Mzee huisoma namba kwa sauti ya chini, kama anayemsemesha mtoto aliyelala, kisha huiandika katika daftari. Ikishuka asubuhi tatu mfululizo, huvaa buti na kwenda kufungua masanduku ya viungio yaliyofukiwa kando ya barabara, akaukausha unyevu na kuyaziba upya.

Usomaji huo humchukua saa tatu kila siku. Nimeona nafasi ya kutoa mchango wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeanza kuandika programu. Msingi wake ni ruwaza: unaieleza kompyuta umbo la kitu unachokitafuta, kwa mfano alama ya kutoa kama ipo, kisha tarakimu, kisha nukta, kisha tarakimu, nayo hupita juu ya mistari yote na kuokota kinacholingana. Chuoni nilipata alama za juu kabisa katika somo hili.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee Kamusi alivuta kiti karibu nami.

"Binti, nikutolee majibu ya vifaa vyote kumi na tisa, ujaribie? Vile vya zamani vina lahaja yao."

"Ahsante, mzee. Nina viwili vipya hapa mezani, vinatosha. Mashine hazina lahaja. Lahaja ni za watu."

Alicheka kidogo, akarudisha kiti mahali pake. Niliona nimejibu vizuri.

Alhamisi, 13 Machi
Imefanya kazi. Saa tatu za mzee zimekuwa sekunde arobaini. Kwa kuwa wakuu hawapendi namba nyingi, ripoti yangu haina namba hata moja: kila kituo kina duara la kijani au jekundu, na mshale unaoonyesha kama nguvu ya mwanga imepanda au imeshuka tangu wiki iliyopita. Meneja alimwita mkurugenzi aje kutazama. Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeitengeneza. Nikasimama.

Jumatano, 19 Machi
Meneja ameniagiza andiko la ukurasa mmoja kuhusu manufaa ya programu. Nimelisahihisha mara nne. Sentensi ninayoiona bora kuliko zote ni ya mwisho: "Kutokana na hayo, inapendekezwa nafasi ya ukaguzi wa mikono ifutwe, kwa kuwa kazi yake sasa inatekelezwa kikamilifu na mfumo."

Mama alinipigia simu jioni. Nikamsomea. Akasema Kiswahili changu kimekuwa kama cha taarifa ya habari. Kisha akauliza, "Na hiyo nafasi, ina mtu?"

Nilimwambia nafasi ni nafasi, mtu ni jambo jingine.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua ya kwanza. Kijani kote.

Jumatatu, 24 Machi
Imenyesha tangu Ijumaa bila kupumzika. Mzee Kamusi alisimama mbele ya skrini yangu, miwani ikiwa imepanda kwenye paji la uso.

"Huu mshale wa mlimani unapanda?"

"Ndiyo, mzee. Mwanga umeimarika."

"Mvua hii ikinyesha?"

Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba mvua hupunguza joto, na vifaa vikipoa hufanya kazi vizuri zaidi.

"Binti, mimi nimeijua njia ile kabla wewe hujaota meno. Mvua ikinyesha mlimani huwa inaumwa."

"Labda mwaka huu imepona," nikasema, na Redio, aliyekuwa ameleta barua, akacheka hadi akashika mlango. Mzee hakucheka. Alikwenda mezani pake, akaandika amri yake, akateremsha kidole. Sikuinuka kwenda kuona alichokiona. Nilikuwa nikipanga rangi za jedwali.

Ijumaa, 28 Machi
Mzee Kamusi amepewa barua. Ametumikia miaka ishirini na sita. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili. Ataondoka Ijumaa ijayo.

Meneja alinionyesha barua hiyo kabla haijatumwa, kwa kunithamini. Sentensi yangu ilikuwamo, neno kwa neno.

Ijumaa, 4 Aprili
Siku ya mwisho ya mzee. Hapakuwa na hotuba. Alikunja koti lake la mvua na kulitia katika mfuko wa karatasi, akaacha madaftari yake juu ya kabati, akaja kuniaga.

"Mlimani leo asubuhi ni kutoa kumi na mbili nukta tatu," alisema. "Mwezi uliopita ilikuwa nane. Nimemwambia Meneja. Ameniambia mfumo unaonyesha kijani."

"Nitaifuatilia, mzee."

"Ifuatilie kwa macho."

Nilimwamkia tena badala ya kumuaga. Alipofika mlangoni Redio alimwambia, "Mzee, tutabaki na nani wa kutununia asubuhi?" Naye akajibu, "Nunueni kioo mjitazame." Walicheka wote wawili, kisha Redio akaingia chooni, akakaa humo muda mrefu.

Nilikusudia kufungua majibu ya mlimani na kuyasoma mwenyewe. Meneja akaniita kikaoni.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua. Kijani.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua. Kijani.

Alhamisi, 10 Aprili
Mlimani imepanda wiki ya tatu mfululizo. Hakuna kituo kilichoimarika kama hicho. Meneja amenitaka niweke nyota kando ya jina lake katika ripoti ya mwezi, iwe mfano kwa vingine. Nimeweka.

Jumatatu, 14 Aprili
Barabara ya nyuma ya jengo imekuwa mto. Meneja amenidokeza kwamba barua ya kuthibitishwa kazini itakuja mapema. Nilipomweleza Mama, aliuliza kama nimekwenda kumjulia hali yule mzee. Nikasema nina kazi nyingi. Akasema, "Haya, mwanangu. Kazi haiamkii mtu."

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua. Kijani. Nyota.

Jumanne, 22 Aprili
Naandika haya nikiwa bado ofisini, na mwandiko wangu si mzuri.

Saa nane na dakika kumi mchana, mvua ikiwa imepamba moto, mshale wa mlimani ulitoweka kwenye skrini. Haukushuka, ulitoweka, na duara likawa tupu. Nilidhani programu imekwama. Nikaiwasha upya. Nikaiwasha tena. Dakika ishirini nilizitumia kuihoji programu yangu, na sikumpigia mtu yeyote.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, muuguzi wa zamu wa kituo cha mlimani.

"Picha zetu za uchunguzi haziendi. Tuna mgonjwa wa kichwa. Daktari bingwa wa huko kwenu anaisubiri picha yake."

"Tunalishughulikia, dada. Mfumo unaonyesha kwamba njia yenu ilikuwa katika hali bora."

"Sikuulizi ilikuwaje. Nakuuliza ikoje."

Meneja alikuja, akafunga mlango. Tulipigia mafundi wa mkataba. Wakasema hawaijui njia ya masanduku, walizoea kumfuata Mzee Kamusi. Meneja akatoa simu yake kumtafuta mzee, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Tusubiri kwanza," akasema. Tukasubiri. Mlimani walijaribu kuipiga picha ile kwa simu ya mkononi na kuituma. Daktari bingwa akasema anaona ukungu, na hawezi kuamua juu ya kisu cha upasuaji kwa kutazama ukungu.

Saa kumi na nusu muuguzi alipiga tena, akasema wamempakia mgonjwa kwenye gari.

"Barabara inapitika?" niliuliza.

"Wewe una dirisha," akajibu.

Jumatano, 23 Aprili
Mafundi walilipata sanduku saa nne asubuhi. Lilikuwa limejaa maji hadi kwenye mfuniko. Mawasiliano yamerudi saa saba.

Gari la wagonjwa lilikwama kabla ya daraja. Mgonjwa alifariki jana jioni humo ndani, wakingoja maji yapungue. Alikuwa mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Redio ndiye aliyetuletea habari. Aliisema polepole, mara moja tu, akarudi mezani pake.

Daktari bingwa anasema hajui kama angepona hata kama picha ingefika. Meneja ameishikilia kauli hiyo tangu asubuhi, akiirudia kwa kila anayeingia.

Alhamisi, 24 Aprili
Leo nimefanya nilichotakiwa kukifanya tarehe kumi Machi. Nimefungua majibu ya vifaa vyote kumi na tisa na kuyasoma kwa macho, mstari kwa mstari.

Vifaa vipya huandika alama ya kutoa ikiwa imeshikana na namba. Vile saba vya zamani huacha nafasi moja tupu kati ya alama na namba. Ruwaza yangu ilitaka vishikane. Ilipofika kwa vile vya zamani haikuiona alama, ikaokota namba peke yake: nane, badala ya kutoa nane. Kumi na mbili, badala ya kutoa kumi na mbili. Kwa hiyo kila mwanga ulipozidi kufifia, programu iliona namba ikikua, ikachora mshale wa kupanda. Na kwa kuwa namba isiyo hasi haiwezi kuwa chini ya kutoa ishirini na nne, duara lisingeweza kuwa jekundu hata siku moja.

Mlimani haikuimarika. Ilikuwa ikifa mbele ya macho yangu kwa wiki tano, nami niliipa nyota.

Nilipanda juu ya kiti, nikayashusha madaftari ya mzee. Kila mwaka, msimu huu huu, kwa kalamu ya risasi: *Mlimani, asubuhi ya tatu. Nimekwenda.* Mwaka mmoja alikwenda mara saba.

Nilimpelekea Meneja karatasi yenye maelezo hayo. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Mhandisi, nisikilize. Kamati ya uchunguzi wa kifo hiki inataka maelezo Jumatatu. Fundi aliyekuwa na dhamana ya masanduku ameondoka bila kuacha makabidhiano ya maandishi. Hilo ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini alikuambia kwa mdomo."

"Mdomo haufungwi kwenye faili." Akafungua mtoto wa meza, akanionyesha barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Ilikuwa inangoja sahihi. "Una kipaji. Usikizike kwa ajili ya nafasi moja tupu ambayo hakuna mtu angeweza kuiona."

Nilitaka kusema kwamba yupo mtu aliyeiona. Nilitoka na karatasi yangu.

Jumamosi, 26 Aprili
Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Kamusi. Anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Nilimkuta barazani akitengeneza pasi ya jirani, mkewe akipepeta mchele. Nikawaamkia. Mkewe aliitikia, akainua ungo wake na kuingia ndani.

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee."

"Kwa lipi? Maana ni mengi."

Nilimweleza yote, tangu viwili vya mezani hadi sentensi ya mwisho ya andiko langu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, lakini yalitoka bila mpango. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Nafasi moja?"

"Moja."

Aliigeuza pasi mkononi. "Wale waliovitengeneza vya zamani waliiacha makusudi, ili tarakimu zikae zimenyooka kwenye safu. Walidhani atakayesoma ni binadamu."

Mvua ilikuwa imeanza upya, nyembamba, juu ya mabati ya seremala.

"Sasa nisikilize na mimi," akasema. "Jumapili ile, siku mbili kabla haijakatika, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilipiga hesabu kichwani. Tarehe nne nimeiacha kumi na mbili, kwa mvua za kila siku, nikajua iko ishirini na mbili au tatu. Nikashika simu. Mke wangu akaniambia, piga. Nikamwambia, wana mashine, waache mashine iwaambie."

"Mzee, hukuwa mfanyakazi tena."

"Ajira ndiyo iliyoisha, binti. Kujua hakujaisha." Aliiweka pasi chini. "Nilitaka muumbuke. Kidogo tu. Nilidhani litakuwa jambo la saa moja: Meneja atoke jasho, wewe ulie, mimi niitwe. Nimefanya kazi hospitali miaka ishirini na sita, na sikufikiri kwamba huko juu kuna mtu kitandani. Nilikuwaza wewe na mishale yako. Ukiandika maelezo yako, andika na hilo."

"Siwezi kuandika hilo."

"Kwa nini? Si unajua kuandika?"

Mkewe alileta chai. Aliweka vikombe viwili, akatazama uso wa mumewe, akauacha mlango wazi.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimewasilisha maelezo ya kurasa mbili. Nimeandika kwamba ruwaza ni yangu, kwamba nilikataa kuijaribu kwa vifaa vyote, kwamba mzee alinihadharisha kwa maneno mara mbili na kumhadharisha Meneja mara moja. Ya Jumapili sikuyaandika, si yangu.

Saa sita mzee mwenyewe alikuja. Alikuwa amevaa shati la pasi. Alimkabidhi Redio karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, akaondoka bila kuingia. Redio aliisoma kabla ya kuipeleka, kama anavyosoma kila kitu. Nilimwona akiisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaipeleka karatasi kwenye kamati kwa mikono miwili, na mpaka tunafunga ofisi hakuna aliyemsikia akilitaja jambo hilo.

Ijumaa, 2 Mei
Kamati imeamua. Kipindi changu cha majaribio hakitaendelea zaidi ya mwezi huu. Mzee Kamusi hatarudishwa kazini: yameandikwa kwamba kwa kukiri kwake mwenyewe alikuwa na taarifa na hakuitoa. Meneja ameagizwa kuboresha usimamizi.

Nilimwambia Mama kwa simu. Nilitarajia atalia. Aliniuliza watoto wa yule marehemu wako na nani. Sikujua. Akasema, "Basi hilo ndilo la kuuliza."

Jumatatu, 5 Mei
Kusahihisha ruwaza kumenichukua chini ya dakika moja. Nimeijaribu kwa vifaa vyote kumi na tisa, kisha nikayasoma majibu yote kwa macho, kisha nikaijaribu tena. Nimeondoa mishale. Ripoti sasa ni namba.

Mlimani: kutoa kumi na saba. Jumamosi ilikuwa kutoa kumi na tano, jana kumi na sita. Mafundi waliliziba sanduku moja, wakaliacha la pili.

Meneja amesema tungoje mvua zipungue. Niliomba ruhusa ya kutoka, sikusema ninakwenda wapi. Nilimpata fundi mmoja wa mkataba, na kwa kufuata daftari la mzee tukalifikia sanduku la pili saa tano, kando ya barabara, chini ya nyasi. Kulikausha kunataka waya ukatwe na kuungwa upya, na kwa saa moja hivi kituo hakitakuwa na mawasiliano. Kabla fundi hajagusa mfuniko nilipiga simu mlimani. Sauti ilikuwa ileile.

Nilijitambulisha.

"Wewe ndiye uliyekuwa unatuletea ripoti ya nyota," akasema.

"Ni mimi."

Nilisikia kitanda kikisukumwa, na mtu akiita mtu.

"Sema. Naandika."

Nilimwambia namba ya asubuhi, na ya jana, na ya juzi, na tunachotaka kukifanya. Kisha nikamuuliza, "Mna mgonjwa anayengoja picha?"

"Ngoja nikaangalie."

Alikwenda. Fundi alinitazama, akaonyesha mawingu kwa kidole. Nikatikisa kichwa.

"Yupo mmoja," muuguzi akasema aliporudi. "Mtoto. Picha yake inakwenda sasa hivi. Nipeni nusu saa."

"Chukua, dada. Tuko hapa."

Mvua ilianza. Fundi alirudi garini. Mimi nilikaa juu ya mfuniko wa sanduku ili maji yasiingie, nikasubiri simu.